Kiungo Kisichofunguka ni Kosa la Lugha

Katika kitivo chetu mwanafunzi akiandika «kwasababu» kwa neno moja, anakatwa alama. Akikosea upatanisho wa ngeli katika sentensi ndefu, karatasi inarudi imejaa wino mwekundu. Ni sawa, tumekuja hapa kujifunza lugha, na lugha ina kanuni zake. Lakini barua pepe zinazozunguka kati yetu kila juma, za wahadhiri, za sekretariati, za ma-CP na zetu wenyewe, zinabeba viungo visivyofunguka, na hakuna anayeshika kalamu nyekundu. Tunasema hayo ni mambo ya mafundi wa kompyuta. Mimi nakataa. Kiungo kibovu ndani ya barua ni kosa la uandishi, ndugu wa damu wa tahajia mbovu, na kitivo cha lugha ndicho kingepaswa kulishughulikia kabla ya wengine.

Neno lenyewe tayari linatufundisha kitu. Kiungo ni goti, ni kiwiko, ni mahali mifupa miwili inapokutana. Viungo ni vile vya pilau pia, na mtangazaji wa mpira anamwita kiungo yule mchezaji wa katikati anayepokea mpira kutoka nyuma na kuupeleka mbele. Darasani wengi wetu bado tunasema «lien» kwa Kifaransa, na sitagombana na mtu kwa hilo. Mimi napenda kiungo kwa sababu goti likiteguka mguu wote haufai kitu, hata kama mifupa ni mizima. Barua inaweza kuwa na salamu nzuri, Kiswahili safi na saini yenye vyeo vyote. Ikiwa kazi yake ilikuwa kumfikisha msomaji kwenye makala fulani na hafiki, basi barua hiyo haikuandikwa vizuri.

Tuangalie jinsi jambo linavyoharibika. Anwani ya ukurasa, kwa mfano https://sw.wikipedia.org/wiki/Kiswahili, ni mfuatano wa alama usiokubali nafasi ndani yake. Ikiingia nafasi moja, au mstari ukikatwa katikati, programu ya barua inaelewa kwamba anwani imekwisha hapo. Kanuni za barua pepe zinasema mstari usizidi herufi 998, na zinashauri usizidi 78. Ushauri huo ni urithi wa skrini za zamani zilizokuwa na upana wa herufi 80. Ndiyo maana kuna programu zinazokata mistari mirefu zenyewe bila kumwuliza mtu. Anwani yenye herufi 140 inaweza kutoka humo ikiwa vipande viwili, na kipande cha kwanza tu kikageuka buluu. Barua ikijibiwa na kurudishwa mara mbili tatu, alama ya > inaingia mwanzoni mwa kila mstari ulionukuliwa, na kipande cha pili kinazidi kutengwa na mwenzake.

Jambo hilohilo linatokea tunaponakili anwani kutoka kwenye PDF. Mpangaji wa kurasa aliikata anwani mwishoni mwa mstari, pengine akaongeza kistari. Sasa nani atajua kama kistari hicho ni sehemu ya anwani au ni cha kukatia neno? Sisi tunaosoma isimu tunajua utata wa kistari. Lakini mashine haina muktadha wa kuusaidia.

Kibaya zaidi ni kwamba kipande cha kwanza mara nyingi kinafunguka. Hakileti ujumbe wa kosa. Kinakupeleka kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti, wenye picha za watu wanaotabasamu. Wakati mmoja darasa letu lilipokea tangazo la ufadhili wa masomo kutoka ofisi moja ya nje. Kiungo cha fomu kilikuwa kimekatwa hivyo. Kila aliyekibonyeza alifika kwenye ukurasa wa mbele, akatafuta fomu, akafungua kurasa tano au sita zenye picha nzito, na mega zake zikaisha. Mwenzetu mmoja alikuwa kwao kijijini, ambako ili kupata mtandao lazima apande kilima, na alipanda mara mbili. Waliotuma maombi kwa wakati walikuwa wale waliokuwa na jamaa mahali fulani aliyewatumia PDF ya fomu kwa WhatsApp. Wengine waliona tarehe ya mwisho ikipita. Hao hawakushindwa kwa uchache wa akili wala kwa Kifaransa kibovu. Waliangushwa na mstari uliovunjika kwenye herufi ya sabini na kitu.

Nimetaja mega kwa makusudi. Aliye na mtandao wa ofisi siku nzima anaona kiungo kibovu kama usumbufu wa sekunde tatu. Mwanafunzi anayenunua mega za siku kabla ya kulala analipa kila anapojaribu. Anajaribu mara ya pili kwa kuwa anadhani mtandao ulikuwa dhaifu, na mara ya tatu anawasha upya simu. Kosa ni la mwandishi, gharama ni ya msomaji.

Kwa mistari iliyokatwa dawa ipo, tena ya zamani. Waraka wa kanuni wa Januari 2005, ambao Tim Berners-Lee mwenyewe, mvumbuzi wa Wavuti, ni mmoja wa waandishi wake, unapendekeza anwani inayowekwa ndani ya maandishi ya kawaida ifungwe kwa alama mbili, < mwanzoni na > mwishoni. Programu nyingi zinaelewa kwamba vyote vilivyo ndani ya alama hizo ni anwani moja. Ni kama mabano yetu ya kawaida, ila haya yana kazi. Na anwani ikae peke yake kwenye mstari wake, kukiwa na mstari mtupu juu na mwingine chini.

Hilo la kukaa peke yake linatuleta kwenye vituo, na hapa ndipo ninapotaka wanalugha wasikilize. Tumefundishwa kufunga sentensi kwa nukta. Basi tunaandika «Makala yanapatikana kwenye» kisha anwani kisha nukta, bila nafasi kati yao. Programu nyingine zina akili ya kuiacha nukta nje. Nyingine zinaimeza, na ukurasa wenye nukta mwishoni haupo. Mabano ni shida zaidi, kwa sababu yanaweza kuwa sehemu halali ya anwani. Ukurasa wa Wikipedia ya Kifaransa kuhusu sayari ya Zebaki unaitwa Mercure_(planète). Samahani, mfano ni wa angani, lakini unafaa. Mabano yale ni ya jina lenyewe. Programu inayotupa mabano ya mwisho inakupeleka pasipo na kitu. Na ukiifunga anwani hiyo ndani ya mabano yako mwenyewe, programu inayoyabakiza yote inaongeza mabano yasiyohusika. Vilevile herufi è haipiti njiani ikiwa è. Inageuzwa kuwa %C3%A8. Ukiona fujo hiyo katika anwani usijaribu kuisafisha kwa mkono. Iache ilivyo.

Halafu kuna adui wetu wa nyumbani, adabu za uchapaji wa Kifaransa. Kifaransa huweka nafasi kabla ya nukta mbili, na programu nyingi za kuandikia, lugha ikiwa imewekwa kuwa Kifaransa, huongeza nafasi hiyo zenyewe. Kwetu Kongo karibu kila kompyuta imewekwa hivyo. Mtu akiandika anwani herufi kwa herufi, anaweza kuishia na https, nafasi, nukta mbili, na hiyo si anwani tena. Nimeona tangazo lililopigwa hivyo likinakiliwa kutoka barua hadi barua kwa mwezi mzima. Anayeandika Kiswahili akiwa amezoea Kifaransa anabeba nafasi hiyo hata kwenye sentensi za Kiswahili, na wahadhiri wetu husahihisha. Lakini katika sentensi jicho la msomaji linasamehe, katika anwani hakuna wa kusamehe. Dawa ni kutoandika anwani kwa mkono hata siku moja. Ifungue, inakili kutoka juu ya kivinjari, ibandike.

Majina ya mafaili nayo ni habari ndefu. Tunapenda kuita faili «Mémoire définitif corrigé 2 (bon).pdf». Ukiipandisha mtandaoni na jina hilo, nafasi zinageuka %20, kila é inageuka %C3%A9, na anwani inakuwa kama msitu wa Mayombe. «memwari_2.pdf» ingetosha.

Hayo ni ya umbo. Kuna viungo vyenye umbo zuri kabisa ambavyo bado havifunguki, na hapo ndipo tunaposikia jibu maarufu: «Kwangu inafunguka.» Bila shaka kwako inafunguka. Umeweka sura ya kitabu kwenye Google Drive, na ruhusa imebaki ilivyokuwa, yaani kwa mwenye faili peke yake. Wewe ukibonyeza, unajulikana. Mwanafunzi akibonyeza, anaambiwa aombe ruhusa, na maombi themanini yanaingia katika sanduku lako usiku, na asubuhi unashangaa kwa nini. Au umenakili anwani ukiwa umeingia kwenye maktaba ya kidijiti kwa jina lako na neno la siri. Anwani hiyo inabeba kikao chako, na kikao kikiisha nayo inaisha. Au umetuma anwani inayoanza na file:///C:, ambayo si ya mtandao hata kidogo. Ni njia ya kufikia kabati lako mwenyewe.

Nani awezaye kulijua hilo kabla ya kutuma? Yeyote, kwa dakika moja. Ajitumie barua kwanza. Aifungue kwenye simu, si kwenye kompyuta aliyoandikia, na abonyeze kiungo ndani ya dirisha la faragha la kivinjari, ambako hatambuliki. Ikifunguka hapo, itafunguka kwa wengi. Tunasoma TFC mara nne kabla ya kuipeleka kuchapwa. Barua inayokwenda kwa watu themanini inastahili kusomwa mara moja kwa jicho la anayeipokea.

Sasa nifike kwenye sababu inayonifanya niamini kwamba jambo hili ni la lugha na jamii kuliko la ufundi. Zamani barua ya posta ikiandikwa B.P. isiyokuwepo, ilikuwa na njia ya kurudi kwa aliyeituma. Barua pepe nayo, ukikosea anwani ya mpokeaji, kwa kawaida inarudi na ujumbe wa kosa. Kiungo kibovu hakirudi. Aliyekituma halali macho. Anaamini amemaliza kazi. Anayejua ni mpokeaji peke yake, na mpokeaji wetu ni mwanafunzi ambaye hawezi kumwandikia profesa kwamba alichotuma hakifai.

Niwaulize wenzangu: ni mara ngapi umepokea kiungo kibovu kutoka kwa mwalimu, na ni mara ngapi umemwambia? Tunanyamaza. Kwanza tunadhani ni simu yetu. Kisha tunaulizana kwenye kikundi cha darasa, na tunapogundua kwamba hakuna aliyefaulu, bado tunanyamaza, maana nani atakuwa wa kwanza? CP anasema tungoje. Somo linafika, mwalimu anauliza nani amesoma makala, hakuna mkono unaopanda, naye anaondoka akiamini kwamba kizazi hiki hakipendi kusoma. Pande zote mbili zimefanya lililo la heshima kwa mtazamo wao, na makala hayajasomwa.

Lugha yetu lakini ina njia za kumwambia mkubwa jambo bila kumvunjia uso. Mtu anaweza kuandika: «Profesa, tunakusalimu kwa heshima. Tumepokea makala uliyotutumia na tunashukuru. Tukibonyeza kiungo tunafika kwenye ukurasa wa mbele wa jarida, hatufiki kwenye makala yenyewe. Tunaomba, ikiwezekana, ututumie tena au utupe jina kamili la makala tuyatafute.» Hakuna neno «kosa» humo, hakuna «umekosea». Kuna maelezo ya kinachoonekana, na hayo ndiyo yatakayomsaidia kurekebisha. Kusema tu «hakifunguki» hakumsaidii, kwa sababu ukurasa usiopatikana, ukurasa unaodai ruhusa na ukurasa wa mbele ni magonjwa tofauti. Na upande wa pili, mwalimu anaweza kuufungua mlango mwenyewe kwa kuongeza mstari mmoja chini ya barua: «Kisipofunguka, CP aniambie leo.» Asistenti mmoja anafanya hivyo, na darasa lake humwandikia bila woga.

Kuna wanaosema suluhisho ni kuficha anwani ndefu chini ya maneno, ili msomaji aone tu maandishi ya buluu. Nakubali nusu. Inaondoa shida ya mstari kukatwa, lakini barua ikisomwa mahali panapoonyesha maandishi matupu tu, maneno yanaweza kubaki na kiungo kutoweka. Tena maneno yanayochaguliwa huwa ni «bonyeza hapa». Hapa wapi? Mwenzetu asiyeona, anayesomewa skrini na programu ya sauti, anaweza kuomba asomewe orodha ya viungo peke yake, na anasikia: hapa, hapa, hapa. Maneno ya kiungo yangekuwa jina la kile kilichoko upande wa pili. Mtoto wa darasa la sita anajua kwamba kielezi kisicho na rejea hakina maana.

Kuficha huko kuna hatari nyingine. Wezi wa mtandao wanaishi kwa hila hiyo, maneno yanaonyesha anwani ya benki na kiungo kinakwenda kwingine. Tunapowazoeza wanafunzi kubonyeza bila kuona wanakokwenda, tunawalea kwa ajili ya wezi. Ndiyo maana sipendi pia anwani zilizofupishwa. Zinaficha mwisho wa safari, na zinategemea uhai wa anayezifupisha. Google walikuwa na huduma yao, goo.gl, mwaka 2018 wakatangaza kuifunga. Kampuni kubwa namna ile ikichoka, mfupishaji mdogo atadumu kwa muda gani?

Hata kiungo kizima kinakufa kwa uzee. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilichapisha mwaka 2024 kwamba, kati ya kurasa za mtandao zilizokuwepo mwaka 2013, asilimia 38 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Barua zetu huhifadhiwa na kusomwa tena na wanaotufuata. Sylabasi za miaka iliyopita bado zinapita kutoka mkono hadi mkono. Kwa hiyo kiungo kisisafiri uchi. Kiandamane na jina la mwandishi, jina la makala, jarida na mwaka, yale yale tunayodaiwa katika bibliografia. Kiungo kikifa, jina linabaki, na kwa jina mtu anaweza kutafuta. Makala ya kisayansi mara nyingi yana DOI, namba inayoanza na 10. Ukiiandika baada ya https://doi.org/ unapata anwani inayoendelea kuelekeza kwenye makala hata jarida likihamia tovuti nyingine, mradi mchapishaji ametoa taarifa ya kuhama. Kwa ukurasa wa kawaida, kuna hifadhi ya Internet Archive, iliyoanzishwa mwaka 1996, ambako mtu anaweza kuomba nakala ya ukurasa itunzwe na kutuma anwani ya nakala hiyo pamoja na ya asili.

Limebaki la ubao wa matangazo, ule tunaouita valves, kwa sababu barua nyingi za sekretariati huishia kuchapwa na kubandikwa pale. Kwenye karatasi hakuna cha kubonyeza. Mwanafunzi anasimama na daftari, jua linamchoma, ananakili. Anwani imepigiwa mstari chini, na mstari huo umefunika kistari cha chini, alama ile ya _, hivyo yeye anaona nafasi. Hajui kama ni herufi l au tarakimu 1, kama ni O au sifuri. Jina la tovuti halijali herufi kubwa na ndogo, lakini kinachofuata baada yake mara nyingi kinajali. Video ya YouTube ina msimbo wa alama 11 ambamo a na A ni vitu viwili. Nashauri anwani ya kubandikwa iwe fupi kwa asili yake, isipigiwe mstari, na ichapwe kwa herufi zinazotofautisha l na 1.

Na kama sekretariati inaweza, iweke na msimbo wa QR, ule mraba wa vidoto uliobuniwa Japani mwaka 1994 kwa ajili ya viwanda vya magari. Kuutengeneza hakugharimu kitu, na unamwondolea mtu kazi ya kunakili. Lakini anwani yenyewe ibaki chini yake kwa maandishi, kwa sababu katika darasa letu zipo simu ambazo kamera zake zilipasuka zamani, na wenye simu hizo nao wana haki ya kujua tarehe ya kutetea kazi zao.